Pumzi au Sauti: Historia ya Kupooza kwa Nyuzi za Sauti kwa Watoto Wachanga

Kupooza kwa nyuzi za sauti tangu kuzaliwa ni hali ya mtoto kuja duniani huku uzi wake mmoja wa sauti, au zote mbili, zikiwa hazisogei. Nyuzi hizo zimo ndani ya zoloto, kisanduku cha gegedu kilicho juu ya bomba la hewa ambacho kwa mwanamume mzima hutokeza shingoni. Mtu anapovuta hewa, nyuzi huachana. Anapotoa sauti, hukaribiana na kutikisika. Anapomeza, hufunga kabisa ili maziwa, maji au chakula visiteremke mapafuni. Nyuzi mbili zimebebeshwa kazi tatu, na hapo ndipo yanapoanzia matatizo yote ya maradhi haya. Miongoni mwa kasoro za zoloto ambazo mtoto huzaliwa nazo, kupooza huku huhesabiwa kuwa kasoro ya pili baada ya ulegevu wa zoloto, na makadirio yaliyozoeleka husema ni takriban kasoro 1 katika kila 10.

Sura zake ni mbili, nazo hazifanani. Mtoto aliyepooza uzi mmoja hulia kwa sauti hafifu iliyojaa pumzi, na hupaliwa mara kwa mara anaponyonya, lakini kupumua hakumpi taabu kubwa. Aliyepooza nyuzi zote mbili hali yake ni kinyume, na ndiye anayewahadaa wengi chumbani mwa kujifungulia: kilio chake ni safi kabisa. Nyuzi zake zimesimama karibu na mstari wa katikati, kwa hiyo hewa inayotoka huzitikisa vizuri. Kasheshe iko kwenye kuvuta hewa. Kila pumzi huja na mluzi wenye mkwaruzo, shimo la chini ya shingo hubonyea, nafasi za katikati ya mbavu huingia ndani, na mtoto huacha ziwa kila baada ya mafunda machache ili apumue. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, kumsaidia mtoto wa namna hii kulimaanisha kumpa pumzi kwa kumnyang'anya sauti. Wapasuaji walichelewa sana kugundua kwamba nyuzi nyingi walizokuwa wakizikata zingeweza kuamka zenyewe.

Amri ya kusogeza nyuzi hutoka kwenye shina la ubongo na kushuka ndani ya neva ya vagasi. Cha ajabu ni njia inayopita. Tawi linalohudumia takriban misuli yote ya zoloto halikati kona mara moja kuelekea kooni. Huteremka hadi kifuani, likazunguka mshipa mkubwa wa damu, ndipo likapanda tena shingoni; kwa sababu hiyo huitwa neva inayorudi. Ya kulia huzunguka mshipa unaopeleka damu mkono wa kulia. Ya kushoto huenda mbali zaidi, ikapita chini ya upinde wa aota, jirani kabisa na moyo. Kisa cha mzunguko huo ni ukuaji wa tumboni: katika kiinitete, chimbuko la zoloto na mishipa ya moyo huanza vikiwa vimepakana, kisha moyo hushuka kifuani na kuiburuta neva pamoja nao. Twiga ana neva hiyo hiyo, na kwake husafiri mita kadhaa kwenda na kurudi ili kufika mahali palipo karibu tu na ubongo. Kwa kichanga njia ni fupi, lakini inapita katika shingo inayoweza kupindwa wakati wa kuzaliwa na kando ya moyo ambao huenda ukahitaji kupasuliwa.

Aliyeiweka neva hii mbele ya macho ya watu alikuwa Galen, Jalinusi wa vitabu vya tiba vya Kiarabu, tabibu Mgiriki aliyezaliwa Pergamon mnamo mwaka 129 na kujipatia jina Roma. Nguruwe alifungwa juu ya ubao, akapiga kelele kwa nguvu zote kama nguruwe afanyavyo. Galen akaifunua neva pande zote mbili za shingo, akapitisha uzi wa kufungia, akaukaza. Nguruwe aliendelea kurusha miguu na kutanua mdomo, lakini sauti haikutoka. Uzi ulipolegezwa, kelele zikarudi. Watazamaji walikuwa watu wazito wa mji, wakiwemo wanafalsafa wa mkondo wa Aristotle waliofundisha kwamba makao ya akili ni moyo, na kwamba sauti, kwa kuwa hutoka kifuani, huamriwa na moyo. Nguruwe aliyenyamaza kwa kufungwa vijineva vyembamba viwili vinavyotoka kichwani alikuwa hoja ngumu kuijibu. Galen alisimulia pia mikasa ya watoto waliotolewa matezi ya shingo na wapasuaji wasioijua neva hiyo. Mmoja alipona matezi akabaki bubu. Mwingine, aliyeumizwa upande mmoja tu, alibaki na nusu ya sauti. Hayo ndiyo maelezo ya awali kabisa ya kupooza kwa nyuzi za sauti kwa watoto, ingawa chanzo chake kilikuwa kisu.

Baada yake, elimu hiyo ilibaki mikononi mwa wapasua shingo. Paulo wa Aegina, tabibu wa karne ya 7, aliwaonya wenzake waikwepe neva wanapotoa uvimbe wa shingoni. Vesalius, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1543, alichapisha herufi kubwa ya kupamba ukurasa yenye vitoto vilivyonona vikirudia jaribio la nguruwe. Lakini hakuna aliyekuwa ameziona nyuzi za sauti za mtu aliye hai zikifanya kazi, na ugonjwa usioonekana hauwezi kutofautishwa na mwingine. Kichanga aliyekufa kwa kukosa hewa aliandikiwa dondakoo, kifafa au udhaifu wa kuzaliwa. Maiti nayo haikusaidia, maana nyuzi za marehemu hazisogei kwa yeyote.

Mlango ulifunguliwa na mwalimu wa kuimba. Manuel García, Mhispania aliyefundisha waimbaji wa opera Paris na London, alitaka kujua sauti inatengenezwaje. Mwaka 1854, akiwa Paris, alinunua kioo kidogo cha madaktari wa meno chenye mpini mrefu, akakipasha moto kwenye maji ili kisiingie ukungu, akakiegemeza nyuma ya koo lake, na kwa kioo cha pili akaelekeza mwanga wa jua ndani. Akaliona zoloto lake mwenyewe likifunguka na kufunga. Mwaka uliofuata taarifa yake ilisomwa mbele ya Royal Society ya London. García aliishi hadi mwaka 1906, akiwa amevuka miaka 100, na wakati huo kioo chake kilikuwa kifaa cha kila siku cha madaktari wa koo. Ludwig Türck wa Vienna na Johann Czermak wa Pest ndio waliokipeleka hospitalini kuanzia mwaka 1857, Czermak akiongeza mwanga wa taa ili kazi isisubiri jua, kisha wawili hao wakagombana hadharani kwa miaka kuhusu nani alitangulia. Ugomvi huo haukuleta faida kwa yeyote isipokuwa kukitangaza kioo.

Matunda yalikuja upesi. Mwaka 1863 Mjerumani Carl Gerhardt alichapisha uchunguzi wa kina kuhusu kupooza kwa nyuzi za sauti, na kupooza kwa misuli ya kufungua pande zote mbili bado hubeba jina lake katika baadhi ya vitabu. Mwaka 1880 Ottomar Rosenbach, na mwaka 1881 Felix Semon wa London, walieleza jambo lililowakosesha usingizi madaktari wa zama zao: neva inapougua polepole, msuli unaofungua nyuzi ndio hushindwa kwanza, na ile ya kufunga hubaki na nguvu. Kauli hiyo ikaitwa sheria ya Semon, ikabishaniwa zaidi ya nusu karne. Leo haifundishwi tena kama sheria. Uchunguzi wa umeme wa misuli ulionyesha kwamba mara nyingi neva iliyoumia hukua upya, ila vijinyuzi vyake hupotea njia: vilivyokusudiwa kufungua huingia kwenye misuli ya kufunga, na vya kufunga kwenye wa kufungua. Misuli inavutana, uzi unabaki palepale. Kwa hiyo uzi usiosogea unaweza kuwa na uhai mwingi ndani yake, na jambo hilo lilikuja kubadilisha tiba.

Watoto wachanga walikosa karibu yote haya kwa miongo kadhaa. Kioo cha García kinahitaji mtu akae wima, atoe ulimi, atulie na kutamka irabu anapoambiwa. Kichanga hawezi hata moja. Njia ilipatikana mwaka 1895, pale Alfred Kirstein wa Berlin alipofanikiwa kulitazama zoloto moja kwa moja kwa kuukandamiza ulimi kwa kifaa kama spatula yenye taa. Gustav Killian wa Freiburg na Chevalier Jackson wa Marekani wakaendeleza vifaa vya mirija. Cha Jackson kiliwekewa taa ndogo kwenye ncha, hivyo mwanga ulifika mahali penyewe. Jackson alikuwa fundi wa mikono asiye na mfano: vitu alivyovitoa kwenye njia za hewa na chakula za wagonjwa wake, kuanzia pini hadi vifungo, ni zaidi ya 2,000 na vimehifadhiwa katika makumbusho ya tiba ya Philadelphia. Kwa mirija yake iliwezekana kumlaza mtoto wa siku chache na kuona nyuzi zake. Mwaka 1968 Sawashima na Hirose wa Tokyo walieleza kamera ya nyuzi za kioo inayopinda na kupitishwa puani, na ilipotengenezwa nyembamba kufikia milimita mbili tatu, uchunguzi ukawezekana kitandani, mtoto akiwa macho, amefunikwa blanketi kifuani mwa muuguzi.

Uchunguzi huo una mtego ambao kila daktari wa fani hii hufundishwa mapema. Nyuzi zilizopooza hazitulii kama mawe. Mtoto anapovuta hewa, mkondo huzinyonya zikakaribiana. Anapoitoa, huzisukuma zikaachana. Kwenye skrini zinaonekana zinacheza, na asiye makini ataandika kwamba ziko sawa. Ndiyo maana mtu wa pili huweka mkono kifuani mwa mtoto na kutamka kwa sauti, "Anavuta, anatoa, anavuta," huku anayetazama akilinganisha. Nyuzi nzima hufunguka kwenye "anavuta." Zikifunga hapo, zimepooza. Dawa ya usingizi nzito nayo huzilaza nyuzi zisizo na kasoro, hivyo wakati wa kuamka kutoka usingizini ndio wenye majibu ya kuaminika.

Vyanzo vilijulikana kimoja kimoja. Kuzaliwa kwa shida, hasa mtoto anapotanguliza matako au kuvutwa kwa koleo, kunaweza kunyoosha neva shingoni. Wengi wa hawa hupona katika miezi ya mwanzo. Ugunduzi mkubwa zaidi ulitoka Prague, ambako mwaka 1891 Hans Chiari alieleza kasoro ambayo sehemu ya chini ya ubongo inateremka kupitia tundu la fuvu na kuingia shingoni. Aina yake ya pili huandamana na mgongo wazi na, mara nyingi, maji kujaa kichwani. Shina la ubongo likishuka, neva ya vagasi huvutika na viini vyake kubanwa, na mtoto huanza kuvuta hewa kwa mluzi. Hapo tatizo la koo ni dalili ya kichwa, na tiba yake ya kwanza ni kupunguza shinikizo la maji bila kukawia, maana nyuzi zinaweza kurudi kazini shinikizo likiondolewa mapema. Afrika Mashariki ina nafasi yake hapa, kwani watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi ni wengi katika kanda hii. Katika hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale, Uganda, mpasuaji Benjamin Warf aliendeleza mwanzoni mwa miaka ya 2000 njia ya kuyapatia maji hayo mwanya ndani ya ubongo kwa kamera, na kuchoma tishu inayoyatengeneza, ili mtoto asitegemee mpira wa kudumu unaoweza kuziba nyumbani, mbali na hospitali. Njia hiyo sasa inatumika pia katika nchi tajiri.

Mwaka 1964 Mmarekani Donald Plott alichapisha habari za ndugu watatu wa kiume, wote wakiwa wamezaliwa na nyuzi zisizofunguka, akahusisha hali yao na kiini cha neva katika shina la ubongo kilichoshindwa kujijenga. Kuugua kwa ndugu wa kiume kulidokeza kasoro katika kromosomu X. Familia nyingine zilikuja kuonyesha urithi wa namna tofauti, na mwaka 2001 watafiti waliichunguza moja na kulifuata tatizo lake hadi eneo la kromosomu ya 6. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya watoto chanzo hakipatikani, na daktari hulazimika kuandika hivyo kwenye faili.

Kuhusu tiba, kwa muda mrefu ilikuwa moja: kutoboa tundu chini ya shingo na kuingiza mrija, yaani trakeostomi. Armand Trousseau aliieneza Paris katika miaka ya 1830 kwa watoto wa dondakoo, na Jackson aliiwekea kanuni mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1921 Jackson alionyesha kwamba madaktari waliokuwa wakitoboa juu mno waliharibu gegedu la krikoidi, pete ya pekee inayozunguka njia ya hewa yote, na hivyo kuwaachia wagonjwa kovu baya kuliko ugonjwa waliokuja nao. Kwa mtoto aliyepooza nyuzi zote mbili, tundu hili limeokoa maisha mengi kuliko upasuaji mwingine wowote. Bei yake ni kubwa vilevile. Njia ya hewa ya kichanga chini ya nyuzi ina upana wa milimita 4 hivi. Uvimbe wa milimita 1 kuizunguka hupunguza nafasi kwa robo tatu, na mrija wa kuingia humo ni mwembamba kiasi kwamba tonge moja la makamasi yaliyokauka huuziba. Mzazi hufundishwa kunyonya makamasi kwa mashine usiku na mchana, kubadilisha mrija, na kulala kwa masikio wazi, kwa sababu mtoto mwenye mrija hulia bila mtu kumsikia. Hewa hutokea shingoni kabla ya kufika kwenye nyuzi. Katika miaka ya 1980 Mmarekani David Muir, aliyekuwa mwenyewe akiishi kwa mashine ya kupumulia, alibuni kilango cha upande mmoja kinachoruhusu hewa kuingia kwa mrija na kutoka kwa mdomo, na watoto wengi wa mrija wakaanza kusema. Aliyepooza nyuzi zote mbili, hata hivyo, anaweza kukosa nafasi ya kutolea hewa hiyo, hivyo kilango hujaribiwa kwa uangalifu.

Ili kuondoa mrija, ilibidi nyuzi ziachanishwe kwa nguvu, na wapasuaji wa watu wazima hawakusita. Mwaka 1922 Jackson alieleza kuukata uzi mzima. Pumzi ilipatikana na sauti ikabaki mnong'ono. Brien King, mwaka 1939, aliingilia kwa nje ya shingo na kulivuta pembeni gegedu dogo la aritenoidi linaloshikilia uzi. De Graaf Woodman akairahisisha njia hiyo mwaka 1946, na miaka miwili baadaye William Thornell akaifanya kupitia mdomoni. Ilipokuja leza ya hewa ya ukaa katika miaka ya 1970, ukataji ulipata usafi mpya bila damu nyingi: Robert Ossoff aliitumia mwaka 1984 kuliondoa aritenoidi, na mwaka 1989 Dennis na Kashima walieleza kuukata uzi nyuma tu, karibu na aritenoidi, na kuiacha sehemu ya mbele itoe sauti. Kila hatua ilikuwa ya busara zaidi kuliko iliyotangulia. Zote zilikuwa na kasoro ileile kwa mtoto: kilichokatwa hakirudi.

Hoja ya kungoja ilipata nguvu takwimu zilipokusanywa. Mwaka 2000 madaktari wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, walichapisha matokeo ya watoto 102 waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Takriban nusu walikuwa wamepooza pande zote mbili. Wengi walipata nafuu bila kuguswa nyuzi zao, na mmoja alipona akiwa amekaa na hali hiyo miaka 11. Yule ambaye angekatwa uzi akiwa na umri wa mwaka mmoja angekuwa amelipia kwa sauti yake kitu ambacho mwili ungempa bure. Tangu hapo swali la kila kikao cha madaktari limekuwa namna ya kumvusha mtoto katika kipindi cha kungoja bila kumdhuru.

Majibu ni kadhaa. György Lichtenberger wa Budapest alikuwa tayari amebuni, katika miaka ya 1980, sindano ya kupitisha uzi wa kushonea kutoka ndani ya zoloto hadi nje ya shingo, ili uzi wa sauti uvutwe pembeni na kufungwa, kisha kufunguliwa ukianza kusogea. Njia nyingine huacha nyuzi kabisa na kupanua fremu inayozishikilia. Robin Cotton, aliyejifunza kazi hiyo Toronto na kuijengea kituo mashuhuri Cincinnati, alieleza pamoja na Allan Seid mwaka 1980 jinsi ya kuipasua krikoidi mbele ili vichanga waliozaliwa njiti waweze kutolewa mpira wa kupumulia. Baadaye kipande cha gegedu la ubavu wa mtoto mwenyewe kikawa kinapachikwa nyuma ya krikoidi kama kabari, nyuzi zikapata mwanya wa kudumu. Mwaka 2018 timu ya Cincinnati ilitoa taarifa ya vichanga waliopasuliwa krikoidi mbele na nyuma kwa kamera kupitia mdomoni, kisha kutanuliwa kwa puto na kuachiwa mpira wa hewa hadi jeraha litulie. Wengi wao hawakuhitaji tundu shingoni. Upasuaji huu hufaa kwa watoto wadogo sana, na hudai chumba cha wagonjwa mahututi chenye wauguzi waliozoea kazi hiyo. Mahali pasipo na chumba hicho, trakeostomi ya mapema ndiyo salama.

Upande mmoja ukipooza, shida ni pengo lisilofungika, na historia yake imepita kwenye sindano. Wilhelm Brünings alichoma mafuta ya parafini ndani ya uzi mwaka 1911 ili kuunenepesha uufikie mwenzake. Mafuta yalihama na kuzua vivimbe. Godfrey Arnold alileta Teflon mwaka 1962, nayo kwa miaka ikasababisha uvimbe mgumu. Siku hizi hutumika vitu vinavyoyeyuka mwilini, kwa hiyo havimfungi mtoto na uamuzi wa maisha. Nobukuni Isshiki wa Japani alieleza mwaka 1974 kuusukuma uzi katikati kwa kupachika kipande kupitia dirisha kwenye gegedu la mbele. Kwa mtoto anayekua, kipande hicho hupitwa na ukubwa wa zoloto lake. Kundi la watoto waliopooza upande mmoja limeongezeka kwa sababu njema. Tangu Robert Gross wa Boston alipofunga, mwaka 1938, mfereji wa damu uliokataa kuziba baada ya kuzaliwa, upasuaji wa moyo umeokoa vichanga wasiohesabika, lakini mfereji huo uko palepale neva ya kushoto inapogeukia. Watoto hao hawakuzaliwa wamepooza, ila tiba yao ni ileile, na kwa kuwa mioyo ya watoto sasa inapasuliwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, suala hili si la mbali kwa wasomaji wa Kiswahili.

Ndoto ya kale ni kuurudishia uzi neva. J. Shelton Horsley wa Virginia aliishona neva inayorudi iliyokatwa kwa risasi mwaka 1909. Charles Frazier wa Philadelphia, mwaka 1924, aliunganisha nayo neva ya jirani inayohudumia misuli ya mbele ya shingo. Kazi ikalala hadi miaka ya 1970 na 1980, pale Harvey Tucker alipopandikiza kipande cha msuli pamoja na neva yake, na Roger Crumley alipofufua uunganishaji wa Frazier kwa watu waliopooza upande mmoja. Uzi hausogei baada ya hapo, lakini hupata unene, mkazo na mahali pazuri, na sauti huimarika kwa miezi inayofuata. Watoto wanaonufaika nao wameendelea kuripotiwa katika karne hii. Kufungua nyuzi zote mbili ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa huhitaji neva inayofanya kazi kila mtu anapovuta hewa. Neva ya kiwambo cha kupumulia ndiyo hiyo. Jean-Paul Marie wa Rouen, Ufaransa, ameunganisha tawi lake la juu na msuli wa kufungua, na kwa baadhi ya wagonjwa nyuzi zimeanza kuachana sawia na pumzi. Kwa upande wa umeme, David Zealear na Herbert Dedo walionyesha mwaka 1977 kwamba msuli uliopooza unaweza kuamshwa kwa wakati wake. Vifaa vya kupandikizwa vikajaribiwa kwa binadamu kuanzia miaka ya 1990, na katika karne hii timu ya Andreas Müller wa Gera, Ujerumani, imevijaribu kwa watu wazima.

Tiba isiyotarajiwa ilitoka maabara ya jeni. Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa kutoka Oxford waligundua kwamba kasoro katika jeni ya DOK7 hudhoofisha makutano ya neva na msuli. Miaka minne baadaye, madaktari wa London walieleza vichanga waliokuja na mluzi wa kuvuta hewa na nyuzi zilizopooza, kumbe walikuwa na ugonjwa huo. Miguu na mikono ilionyesha udhaifu baadaye sana. Dawa zinazotumika kwa aina nyingine za udhaifu wa makutano hayo huweza kuwazidishia hali. Wanachohitaji ni efedrini au salbutamoli, dawa ileile ya pumu inayouzwa katika maduka ya dawa, ingawa kwa ugonjwa huu hunywewa kwa mpango wa daktari na hufanya kazi polepole kwa wiki na miezi. Jeni ya MUSK, ya makutano hayo hayo, nayo imehusishwa na nyuzi zilizopooza tangu kuzaliwa. Watoto wa namna hii ni wachache, lakini ni wale ambao zamani wangeandikiwa chanzo hakijulikani.

Utafiti mwingine umelenga kuona bila kamera, jambo lenye uzito mahali ambapo kamera nyembamba ya mtoto ni adimu na mtaalamu wa masikio, pua na koo yuko mkoa mwingine. Mashine ya utrasaundi iliyonunuliwa kwa ajili ya wajawazito, ikiwekewa kichunguzi cha kutazama vilivyo karibu na ngozi na kuelekezwa mbele ya shingo ya kichanga, huonyesha nyuzi mbili zikifunguka na kufunga. Kwa mtoto picha huwa safi kuliko kwa mtu mzima, kwani gegedu lake ni laini na halijaanza kushika chokaa. Haimpi daktari rangi ya nyuzi, wala haionyeshi kasoro nyingine chini yake, na aliyeonekana kupooza hupelekwa bado kwenye kamera. Inachofanya ni kumtenga, siku ileile na bila kumpa usingizi, mtoto mwenye ulegevu wa zoloto anayeweza kurudi nyumbani na yule ambaye nyuzi zake hazifunguki.